Nilikwenda Kuandikisha Kifo Changu Mwenyewe

Nina miaka thelathini na saba. Nauza samaki wa ziwa Tshangalele katika soko la Kikula, hapa Likasi, na kama umewahi kununua samaki wakavu kwa mwanamke mwenye mdomo anayegombana na kila mteja, huenda ulinunua kwangu. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba niko hai, nakula, nagombana. Kuna mahali ambapo hilo halijulikani, na kosa ni langu.

Mume wangu, Célestin, alikuwa fundi wa umeme. Tulifunga ndoa kwa wakubwa wa ukoo, kwa serikali na kwa padri. Binti yetu Jolie alikuwa na miaka mitatu Célestin alipopata viza ya miezi mitatu kwenda Ubelgiji. Miezi ikaisha, hakurudi. Mimi ndiye niliyemwambia asirudi! Nilimwambia atafute karatasi za kukaa kule, kisha anivute mimi na mtoto. Wangapi hapa hawajamwambia mume hivyo?

Nikaanza kuandaa dosie, yaani faili ya maombi. Cheti cha ndoa, picha za arusi, barua zake, vyote niliviweka katika mfuko wa plastiki juu ya kabati ili mvua isivipate. Lakini mke huvutwa na mume mwenye karatasi, na wangu hakuwa nazo. Miaka minne ikapita, sisi ni mume na mke wa simu tu.

Siku moja akanipigia kwa sauti ya chini. Alikuwa amempata mwanamke raia wa kule, aliyekubali kuolewa naye ili apate ukaaji. Alisema ni ndoa ya makaratasi, baada ya miaka michache wataachana na atanirudia. Kulikuwa na kikwazo kimoja. Kule walijua ana mke, kwa hiyo lazima aonyeshe ama talaka, ama cheti cha kifo cha mke huyo.

Mtanishangaa, lakini wenye mila kama zetu watanielewa. Talaka kwetu si ya watu wawili. Wakubwa wa pande zote wanakaa, mahari inarudi, mama yako anasikia kila neno, na siku hiyo ndoa imekwisha kweli. Célestin mwenyewe aliiogopa.

“Divorce, bakubwa batakaa, njo mwisho yetu kabisa,” aliniambia. “Lufu ni papier tu, chérie. Nani ataijua?”

Kifo, yaani lufu kama tunavyokiita, kiwe karatasi tu: nami nikaona ana akili! Tuliogopa kuachana kuliko tulivyoogopa kufa... Hebu fikirini.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyezoea kuhangaikia makaratasi ya watu. Akaniambia anatakiwa ndugu wa marehemu wa kutoa habari. Nikafunga kitambaa cheusi kichwani, nikaenda naye mimi mwenyewe hadi ofisi ya kuandikisha vifo. Karani hakuinua hata macho.

“Weye ni nani yake?”

“Minye ni mukubwa yake,” nikajibu, yaani dada yake mkubwa.

Akaandika jina langu lote, la ubatizo na la baba. Akauliza ugonjwa. Nikasema malaria. Nikatia sahihi bila kusita, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo.

Célestin akaoa, akapata kadi ya ukaaji. Nilifurahi, nikatoa sadaka kanisani! Kila nilipouliza lini atamwacha yule, alisema wanakaguliwa nyumbani, hata miswaki bafuni inaangaliwa, nivumilie. Kisha akasema tuanze na mtoto. Baba mwenye kadi anaweza kumwita mtoto asiye na mama, nami ningefuata baadaye.

Asiye na mama... Nililisikia neno lile vizuri, na bado nikakubali.

Jolie alikuwa na miaka kumi. Kabla ya siku ya kuhojiwa kwa ajili ya viza nilimfundisha kila jioni, huku napanga samaki. Mama yako yuko wapi? Alikufa. Alikufa na nini? Malaria. Unaishi na nani? Na tante, yaani mama mkubwa. Siku za kwanza alilia, nikamkaripia. Jioni moja nilipomuuliza mama yako yuko wapi, alinionyesha kwa kidole. Nikampiga kofi. Mungu anisamehe, nilimpiga mtoto kwa sababu alisema kweli.

Viza ikatoka. Kwenye uwanja wa ndege Lubumbashi, mama mmoja wa kumsindikiza alisimama kando yetu na faili mkononi. Nilimkumbatia mwanangu, nikaomba moyoni aropoke. Haki ya Mungu ningekubali kila kitu kiharibike! Jolie alinitazama usoni.

“Au revoir, tante,” akasema.

Hakukosea hata kidogo. Nilirudi Likasi nikiwa nimekaa kwenye gari kama mzigo.

Nikangoja zamu yangu. Mwaka, na wa pili. Nilipombana Célestin apeleke dosie yangu, aliniuliza anipeleke kama nani. Mke wake alikufa, na mimi niliyetia sahihi ni ndugu tu wa marehemu. Akisema kweli, watamnyang'anya kadi na Jolie atarudishwa. Siku hizo Jolie mwenyewe alikuwa anapiga simu mara moja kwa mwezi, na nyuma yake nilisikia akiitwa mezani na mwanamke mwingine.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Nikiitwa jina langu sokoni, nachelewa kuitika, najiuliza ni nani aniitaye, na kutoka upande gani. Mwezi wa Novemba, padri anaposoma majina ya marehemu wa parokia, nakaa kwenye benchi nikisubiri langu. Wenzangu wanaomba, mimi nasubiri.

Mwaka jana, mchana mmoja, akaja nyumbani Albertine, dada mkubwa wa Célestin. Alileta unga mweupe na uzi wa ushanga mweupe. Kwetu mtu aliyefiwa na mwenzake hana amani mpaka ukoo wa marehemu umtoe mufu, yaani umfungue kutoka kwa roho ya aliyekufa. Albertine alisema mdogo wake halali. Ananiona mlangoni mwa chumba chake, nimesimama, sisemi neno. Alikuwa anaomba afunguliwe kama mjane mwingine yeyote.

Mama yangu, aliyekuwa ameketi nami, hakujua lolote. Aliusogeza ule ushanga kwa kidole.

“Bibi yake gani alikufa?” akauliza, kwani mke wa Célestin aliyemjua ni mimi.

Albertine akanitazama mimi. Ikabidi niseme, nikasema yote, hata lile kofi.

Mama hakunitukana. Alivua kitambaa kichwani, akakaa chini, akanyoosha miguu, akaanza kunililia. Alitaja siku aliyonizaa kule Shituru, alitaja nilivyochelewa kutembea, alitaja jina langu tena na tena. Nikamshika mabega, nikamwambia, “Mama, minye niko hapa.” Hakuacha. Majirani wakaingia mmoja mmoja, wakauliza nani amekufa, na kwa kuwa hakuna aliyewajibu, wakaketi wakalia pamoja naye.

Albertine aliondoka na ushanga wake. Célestin hajafunguliwa.

Wenzangu mnaoishi mbali na waume zenu kwa ajili ya karatasi, nawasihi. Kama dosie ni ya kweli, ingojeni hata ikichelewa miaka. Kama ndoa imeshindikana, waiteni wakubwa waivunje mbele ya watu. Utalia, utasemwa, lakini utabaki na jina lako. Msikubali cheti hata kimoja cha uongo, hata akikiomba yule umpendaye.

Mnaniuliza kwa nini nisiende kukifuta changu? Nilikwenda. Wameniambia inawezekana, nilete mashahidi kwamba niko hai. Lakini siku nitakapothibitisha hivyo, mwanangu atakuwa aliingia kule kwa uongo, na watamrudisha. Sasa ana miaka kumi na mitatu, anasoma, ana marafiki. Kwa hiyo sijapeleka shahidi yeyote, na sitapeleka.