Suruali Isiyobana

Kila suruali ya mumewe ilipoanza kubana, fundi cherehani aliifumua nyuma, akaongeza kipande cha kitambaa, akaipiga pasi na kuirudisha kabatini. Mume, dereva wa lori, hakujua kiuno chake kilikuwa kimefika wapi.

Fundi alijivunia kitambi kile. Mama mkwe alipokuja kuwatembelea, alichekelea. "Ndoa imemkubali mwanangu! Zamani alikuwa kama ufito."

Fundi akampakulia mumewe sahani ya pili na kumfungulia soda.

Kisha dereva akapimwa afya kazini. Alirudi akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Presha iko juu, na sukari imeanza kupanda. Wamenipa dawa, wakaninyang'anya funguo. Nikipimwa tena presha ikiwa haijashuka, lori anapewa mwingine."

Kesho yake jirani yao muuguzi alileta sare ipunguzwe urefu. Fundi akamweleza yote.

"Nani kamroga mume wangu?"

"Hakuna mchawi hapo, shoga. Kutwa anakaa garini, jioni anakaa mezani. Nasi huku tunamsifu mnene, mwembamba tunamwonea huruma. Kwingine wembamba ndio sifa, lakini bado wananenepa, maana wanashindia vyakula vya pakiti na hawatembei. Mwili hausikilizi sifa."

"Kwa hiyo nimlaze na njaa?"

"Nani kataja njaa? Mboga zijae sahani, wanga upungue, soda iwe maji. Atembee kila siku. Na dawa asiache."

Jioni dereva akaleta suruali. "Mama watoto, hii inanibana. Hebu iachie kidogo."

"Siachii tena."

Akaigeuza ndani nje, akamwonyesha vipande vitatu, kimoja kando ya kingine. Dereva akavipapasa.

"Kumbe ulikuwa unanificha mwili wangu mwenyewe!"

"Nilidhani nakutunza."

Walianza kutembea pamoja kila jioni, yeye akihema, mkewe akimtania kwamba lori lake hupanda mlima kwa kelele ndogo zaidi. Sahani ya pili ikabaki kabatini.

Mama mkwe aliporudi, alimtazama mwanawe, akashika kiuno. "Umekonda! Hulishwi?"

"Nalishwa, mama. Zamani nilikuwa najazwa."

Siku ya kupimwa, presha ilikuwa imeshuka. Dereva alirudi nyumbani na funguo mkono mmoja, mkono wa pili umeshikilia suruali isianguke.

Fundi akachukua wembe, akafumua kipande kimoja. Viwili akaviacha. Safari ilikuwa bado.