Upande wa Pili

Kilichoanza kumsumbua Firdausi ni ndala.

Hashimu mumewe alikuwa ametoka hospitali akitembea kwa miguu yake, mtaa mzima wa juu ya soko la Kasulu ukampigia vigelegele, na wifi yake Shamsia akamnunulia ndala mpya za bluu, hongera ya miguu. Wiki zikapita. Mtu anaamka, anakwenda uani, anashuka sokoni kusalimia wenzake wa biashara ya maharage, anarudi. Msikitini tu ndiko alikokuwa hafiki, kila siku akisema kesho. Siku hiyo Firdausi akaziokota ndala azioshe, akazigeuza. Nyayo zake zilikuwa vilevile zilivyotoka dukani, mistari yote ipo, hata kibandiko cha kisiginoni hakijachubuka. Zilikuwa zimelika mbele tu, kwenye ncha za vidole.

Mwingine angesema ndala za siku hizi imara. Firdausi hakuweza kujidanganya hivyo, maana kazi yake ilikuwa miguu.

Alikuwa msaidizi kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, katika hospitali iliyo kilimani nje kidogo ya mji. Ndiye aliyewakanda waliopooza, akawasimamisha waliovunjika, akawafunga mshipi kiunoni na kuwashikilia wakijifunza upya kutembea katikati ya vyuma viwili. Sisi wenye miguu yetu tunadhani kutembea ni jambo la bure. Yeye alijua kisigino kinavyotangulia na uzito unavyohama. Anayetembea ndala humlika kisiginoni. Anayebebwa huburuza vidole.

Na kazi ile ina neno lake. Mgonjwa asiyejiweza hanyanyuliwi na mtu mmoja. Utavunja mgongo wake na wako. Unashika upande wako, unaita, "Upande wa pili!" Jina hutaji, kwa sababu huna nafasi ya kutazama nani yuko karibu. Aliye karibu, awe muuguzi, awe mfagiaji, awe ndugu wa mgonjwa wa kitanda kingine, anaacha alilonalo, anashika, anajibu, "Nipo." Mnanyanyua. Mkishamfikisha, yule aliyeita anasema, "Achia," na nyote mnatoa mikono pamoja. Asiposema, mwenzake haachii, hata mikono ikifa ganzi. Fidele, mkuu wa chumba kile, alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo. Ukiachia bila neno, au ukatamka neno na mkono wako bado umeng'ang'ania, alikutukana kwa Kiha mpaka wagonjwa wakasahau maumivu wakacheka.

Sasa tuirudie siku yenyewe aliyosimama, maana bila hiyo hamtaelewa.

Hashimu alikuwa akitoka Muyama juu ya magunia ya maharage, lori likashindwa mteremko, likalala ubavu. Uti wa mgongo ukaumia. Akalazwa miezi, miguu haina habari naye, kisha homa ikaanza kumla kidogo kidogo. Firdausi akimaliza wagonjwa wa watu, anageukia wa kwake. Anakanda, anakunja, anakunjua, anamwambia, "Utasimama, Hashimu. Mimi ndiye nakwambia." Nani angemlaumu? Walikuwa na miaka mingi pamoja bila mtoto, na watu walishachoka kumshauri Hashimu aoe mwingine, naye alishachoka kuwacheka.

Mchana ule Fidele na wenzake walikuwa wamekwenda kliniki ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mvua ilipiga mabati usisikie hata mawazo yako. Firdausi akamleta mumewe kwenye vyuma, akamfunga mshipi.

"Firdau, leo niache," Hashimu akasema.

"Mara moja tu. Nikuone umesimama."

Akamwinua peke yake, jambo alilokuwa akiwakataza wengine. Katikati ya vyuma Hashimu akamlegea mikononi. Macho yakageuka. Pumzi ikamtoka, ikampuliza Firdausi shingoni, na nyingine haikuja. Aliyefanya kazi hospitali anaijua pumzi ile. Firdausi aliijua. Lakini mdomo ulishazoea kazi yake, ukaita wenyewe: "Upande wa pili! Jamani, upande wa pili!"

Chumbani hapakuwa na mtu.

"Nipo," sauti ikajibu upande wa kulia, karibu kabisa, si ya mwanamume wala ya mwanamke.

Uzito ukapungua. Hashimu akafumbua macho. Akasimama! Firdausi akalia, akacheka, akapiga kelele mpaka wauguzi wakaja mbio, na katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kusema neno lolote la kazi. Alipogeuka amshukuru aliyemsaidia, aliona vyuma na ukuta, na akasikia harufu ya beberu aliyenyeshewa.

Basi sasa alikuwa ameshika ndala. Kesho yake akayabeba mawazo hayo mpaka kazini, na huko Antoinette akamvuta pembeni. Antoinette alikuwa Mkongo wa Nyarugusu, akimuuguza baba yake, mzee Mulenda, aliyekatwa mguu. Kwa kukaa sana hospitalini alikuwa ameshajifunza kunyanyua wagonjwa kuliko wenye mishahara.

"Dada, usinikasirikie," akanong'ona. "Ule bwana yako nilimuona jana pa soko. Mvua ilinyesha, batu bote banazama mu matope. Yeye hapana. Matope inabakia na alama ya vidole tu. Ni sawa mutu banabeba."

"Nani anambeba?"

"Mi sijue. Lakini bega ya kuume iko juu. Angalia bega, dada."

Firdausi akamwambia aache maneno ya kambini. Akajuta papo hapo, lakini hakuomba radhi. Hofu haina adabu.

Jioni, jua likielekea kuzama, alikuwa jikoni akachungulia sebuleni. "Hashimu!"

"Nipo."

Kijiko kikamponyoka. Miaka yote ile, Hashimu akiitwa huitika naam. Akaita tena, taratibu, kama mtu anayejaribu kina cha maji kwa mguu, na tena likaja lile nipo, na safari hii akasikia kwamba zilikuwa sauti mbili, ya mumewe chini, imekwaruza, na nyingine juu yake, ikiwahi kidogo.

Akaingia. Hashimu alikuwa amesimama dirishani, bega la kulia limepanda. Sahani ya mchana ilikuwa mkekani, haijaguswa. Firdausi akajifanya anamvua shati akaogeshwe, na alipolivua akaona kwenye kwapa la kulia alama za vidole, nyeusi zimevilia damu, vidole virefu vilivyoanzia kifuani vikapita chini ya kwapa vikaenda mgongoni vikakaribia kuugusa uti wenyewe, na kidole gumba kilikuwa upande ambao gumba la binadamu halikai, na wakati anazitazama, huku harufu ya beberu ikimjaa puani na adhana ya magharibi ikianza kule mjini, aliona nyama ya mumewe ikibonyea, polepole, jinsi nyama inavyobonyea mtu anapokaza mkono ili mzigo usimponyoke.

"Firdau," Hashimu akanong'ona, na hii ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Huyu wa kulia hachoki?"

"Nani, mume wangu?"

"Mimi nimechoka. Nitue."

"Usiseme hivyo. Kula kwanza. Nimekupikia ndizi na maharage."

"Chakula hakishuki. Baridi tu. Nitue, mke wangu."

Akajifanya hakusikia. Ndiyo, alijifanya! Akamvalisha shati safi, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akamwambia kesho atakuwa na nguvu. Alimpenda, basi. Mauti yamekuja kwako yakaondoka mikono mitupu, wewe ungeyakimbilia kuyaita?

Lakini neno lile halikumwacha. Nitue. Mzigo ndio unaotuliwa, na mzigo hausemi. Mchana wa siku iliyofuata akajitanda ushungi, akaenda dukani kwa Shehe Abdalah.

Abdalah aliuza sukari, kanga na mafuta ya taa, na babu yake aliletwa Ujiji na biashara kutoka pwani. Watu walimjia kwa mashetani yao, naye kila mara alinung'unika. "Mimi muuza sukari. Kusoma nasoma kwa sababu babu alisoma, na yeye alikufa maskini." Hata hivyo alifunga duka, akachukua chetezo na udi, akaja. Shamsia naye akaitwa, dada mtu, asije akasema kaka yake alisomewa kisirisiri.

Wakamkalisha Hashimu, hakukalika. Magoti yalikunjwa na kiwiliwili kikabaki juu. Firdausi, kwa mazoea tu, akamfunga kiunoni ule mshipi wa mazoezi aliokuja nao kutoka hospitali, akashika upande wake wa kushoto. Abdalah akasoma. Udi ukapanda, harufu ya beberu ikapanda juu ya udi, na Hashimu akainuka mpaka nyayo zikawa juu ya mkeka, juu kidogo tu, ungeweza kupitisha kanga.

"Toka kwa amri ya Mwenyezi Mungu!" Abdalah akasema.

Ile sauti ikajibu bila hasira, sauti ya mfanyakazi aliyeulizwa swali asilolitegemea. "Niliitwa. Nimeshika. Sijaambiwa."

Abdalah akaacha kusoma. Akamgeukia Firdausi, akamuuliza kwa sauti ya chini, naye akaeleza yote: mvua, pumzi, upande wa pili. Shamsia akaziba mdomo kwa kanga.

"Huko kwenu mkishanyanyua, mnamalizaje?" Abdalah akauliza.

"Aliyeita anasema, achia."

"Ulisema?"

Firdausi akatikisa kichwa.

"Binti yangu, jini mwizi ningemfukuza. Huyu si mwizi, ni kibarua. Umemwita mwenyewe kazini, umwachishe mwenyewe."

"Nikisema, Hashimu atakuwaje?"

Abdalah alitazama chetezo. "Atarudi alipokuwa ulipoita."

"Alipokuwa!" Firdausi akasema. "Alipokuwa nilikuwa nimemshika, shehe! Alikuwa kifuani kwangu!"

Hashimu akageuza shingo kwa taabu, akamtazama mkewe. Hakusema nitue tena. Alimtazama tu jinsi alivyokuwa akimtazama jioni akirudi kutoka Muyama, vumbi mpaka kwenye kope, amechoka, anangoja afunguliwe mlango.

"Achia," Firdausi akasema.

Akaanguka kushoto, mikononi mwa mkewe. Walipomgusa alikuwa baridi, na Shamsia akapiga yowe lililowaleta majirani. Ilibidi wanawake wambandue Firdausi mwilini kwa nguvu. Mshipi ulifunguka ukabaki mkononi mwake, na usiku kucha alikaa nao ameufumbata, watu wakadhani ni kitu cha kumbukumbu, wakamwacha.

Asubuhi maiti ikaoshwa, ikakafiniwa, ikasaliwa. Jeneza likatolewa uani, wanaume wakainama, wakaliweka mabegani. Kule Kasulu wanaume wamezoea magunia, wanajua uzito. Firdausi alikuwa mlangoni miongoni mwa wanawake, akawaona wale wa upande wa kulia wakitazamana.

"Mbona huku jepesi?" mmoja akanong'ona.

"Nyamaza, ndugu yangu. Tembea."

Mwingine akateremsha bega lake, labda kwa kujaribu, labda kwa woga. Jeneza halikushuka. Upande wa kushoto watu walitoa jasho, na upande wa kulia lilikwenda lenyewe, sawasawa, kwa uangalifu, na upepo ukaleta uani harufu ya beberu aliyenyeshewa, ijapokuwa siku hiyo mvua haikunyesha. Shehe Abdalah, aliyekuwa mbele, akageuka. Hakuwatazama wabebaji. Alimtazama Firdausi mkononi.

Firdausi naye akautazama mkono wake. Vidole vilikuwa vyeupe kwa kukaza. Mshipi ulikuwamo. Akamkumbuka Fidele na matusi yake: umetamka achia na mkono wako bado umeng'ang'ania, mwenzako afanyeje? Jana alitamka kwa mdomo. Upande wake hakuuachia hata dakika moja, na yule wa upande wa pili, mwaminifu kuliko binadamu, alikuwa bado anamngoja.

Akatoka. Mwanamke hafuati jeneza, kila mtu anajua; Shamsia akamdaka kanga, kanga ikabaki mikononi mwa Shamsia. Akapita katikati ya wanaume kichwa wazi, akasimama upande wa kushoto wa jeneza, akainua ule mkono. Kidole kimoja kimoja, akaukunjua jinsi anavyokunjua vya waliopooza.

"Nenda, Hashimu," akasema. "Achia!"

Mshipi ukaanguka mavumbini.

Jeneza likadidimia kulia kwa kishindo, wanaume wakayumba, mmoja akapiga goti, wengine wakarukia kusaidia wakiita jina la Mungu. Harufu ikakatika mara moja. Hashimu alikuwa mzito. Alikuwa mzito kabisa, uzito wa mwanamume mzima aliyebeba magunia maisha yake yote, na njia nzima ya makaburini walipokezana kila hatua chache.

Firdausi akabaki amekaa chini njiani, miguu haimtaki. Antoinette, aliyetoka hospitali asubuhi ile kuja msibani, akaja mbio, akapitisha mkono kwenye kwapa lake la kushoto, akageuza kichwa aite kama walivyozoea.

"Upande wa pi..."

Firdausi akamziba mdomo kwa kiganja.

"Taja jina, dada," akamwambia huku analia. "Nakuomba, taja jina."

Antoinette akatazama ule upande wa kulia uliokuwa wazi. Kisha akamwita Shamsia, kwa jina, mara mbili, na wakangoja wote wawili pale chini mpaka Shamsia akaja.