Kivuli cha Nne

Pichani wanamuziki walikuwa watatu, vivuli ukutani vinne. Munira alihesabu, akainamisha skrini ya kompyuta, akahesabu tena. Kamera alikuwa nayo miezi mitatu tu, na mtu wa miezi mitatu ana jibu jepesi kwa kila kitu. Akasema ni mwanga, akakifuta kile kivuli, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa jalada la albamu ya kwanza ya dada yake Somoe, mwimbaji wa taarabu aliyeisubiri albamu hiyo miaka tisa. Wengine pichani walikuwa Mabruki wa kinanda na Haruni wa ngoma ya dumbaki. Munira ndiye aliyeng'ang'ania wakapigie picha Ras Kisimani, kwenye magofu ya mji wa kale. Pale watu hawaingii hivi hivi. Unapiga hodi, unafukiza ubani, ndipo unapita. Haruni alikuwa na ubani mfukoni, lakini jua la alasiri lilikuwa limekaa vizuri ukutani, na Munira kwa kiherehere chake akasema ubani baadaye. Akainua kamera, akapaza sauti kama wapiga picha wa harusini: "Sogeeni, sogeeni! Nafasi bado ipo! Aliye nje aingie!"

Walicheka sana, maana wote watatu walikuwa ndani ya picha tayari.

Sasa, saa tisa mchana, chumbani kwake Kilindoni, aliifungua tena picha. Kivuli kilikuwa kimerudi, na kimepata mwili. Mwanamke aliyevaa kaniki alisimama nyuma ya Somoe, kidevu begani kwake. Munira akamfuta. Hapo hapo simu ikalia. Alikuwa Mabruki.

"Munira, dada yako sauti imemkauka. Tulikuwa mazoezini, ghafla kimya. Anafungua mdomo, halitoki neno."

"Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi! Dakika hii!"

Munira akatazama skrini. Mwanamke alikuwa pale pale. Aliyefutika ni Somoe. Shingoni mwake yalionekana mawe ya ukuta.

Akakimbilia mlango, komeo likagoma, akalivuta kwa mikono miwili huku harufu ya tope la kisima kikuukuu ikimjaa puani, akaita kwa nguvu zake zote dirishani ambako majirani walikuwa wakipita na ndoo zao wakicheka bila hata mmoja kugeuza shingo, na nyuma yake, kutoka kwenye kompyuta aliyokwisha kuizima, mtu akawa anaufuatisha wimbo wa dada yake, taratibu, kama anayejifunza. Adhana ya alasiri ilipoanza, komeo likaachia.

Jioni ile ile walimpeleka Somoe kijijini Baleni, kwa mganga Bibi Biubwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usinionyeshe hiyo picha. Hodi mlipiga?"

"Hatukupiga," Munira alinong'ona. "Nilikuwa na haraka." Akamweleza na maneno aliyoyatamka.

Bibi akatia ubani kwenye makaa ya chetezo. "Usipopiga hodi umejifanya mwenyeji, mjukuu wangu. Nawe ukakaribisha. Siku ile nani alikuwa nje ya picha?"

"Mimi peke yangu."

"Basi ni nafasi yako uliyoitangaza, naye ameikalia. Rudi, piga hodi, fukiza, kisha usimame mwenyewe pale aliposimama. Akikosa pa kukaa atatoka."

"Atakwenda wapi?"

Bibi akatazama chetezo. "Sikudanganyi. Hilo silijui."

Munira aliogopa. Lakini Somoe alikuwa amekaa mkekani, mkono kooni, machozi yakimtoka bila sauti. Kesho yake alasiri wakarudi Kisimani. Walipiga hodi, wakafukiza. Munira akampa dada yake kamera, akasimama ukutani kati ya Mabruki na Haruni. Somoe akabonyeza.

"Munira!" Somoe akapiga kelele, sauti nzima, tamu kama zamani. "Munira, nimepona!"

"Abee, dada!"

Munira hakuwa amefungua mdomo.

Msichana mwenye sura yake alitoka ukutani, akakung'uta vumbi kwenye gauni lake, akaenda kukumbatiwa. Haruni na Mabruki walimkimbilia wakisema alhamdulillahi. Munira akataka kuwafuata, miguu haikumjua. Akatazama chini asione mwili wake, ila kivuli kilicholala juu ya mawe, na harufu ya tope la kisima imemzunguka kila upande.

"Rudi pale, dada," yule msichana alisema, akichukua kamera. "Tumalize jalada lako."

Somoe akarudi anacheka, akasimama hatua moja tu mbele ya ukuta, karibu mno hata Munira alisikia harufu ya udi kwenye mtandio wake. Munira akamwita. Akaliita jina lake, akamwita kwa jina la marehemu mama yao, akamsihi akimbie. Somoe alikuwa akirekebisha mtandio.

Msichana akainua kamera.

"Sogeeni, sogeeni," akasema. "Nafasi bado ipo."