Kifuniko cha Mninga

Umeme ulikatika saa tano asubuhi, majenereta ya Kariakoo yakaanza kunguruma mtaa mzima, lakini kwenye ghorofa ya akina Severa hewa ya AC iliendelea kutoka darini. Mashine imezima kabisa, hewa inatoka. Tena inanukia dawa ya kifua, ile ya kumpaka mtoto mwenye mafua.

Chumba kile kilikuwa cha Nice, mtoto wa Severa. Nimonia ilimchukua akiwa darasa la pili, wakampeleka Rombo wakamzika mgombani kwa babu yake, kama Wachagga wanavyozika wa kwao. Waliporudi mjini, mume wa Severa, Jovin, aliingia dukani kwake chini ya ghorofa kuuza vitenge. Hakulia, wala jina la mtoto hakulitaja tena. Severa akabaki na chumba. Akaona bora akitengeneze kuliko kukaa bure, akaanza na tundu la AC: atoe kifuniko cha plastiki kilichopauka, atie cha mbao.

Fundi Ismail wa mtaa wa Gerezani alimpangia vipande vya mbao mezani. "Huu mtiki, dada, haupindi kwa baridi. Huu mkongo. Huu mninga ndio wanaoupenda wengi."

Alichagua mninga uliotobolewa vitundu vya maua, kwa kuwa Nice alipenda maua. Sababu nyingine hakuwa nayo, maskini.

Sasa siku hiyo umeme umekatika, amesimama chini ya kifuniko kipya, akasikia: "Mama."

Mtu wa Pwani angekaa kimya. Huku mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa na usiyemwona, usiitikie. Lakini Severa ni wa mlimani, halafu ni mama. Jamani, ungemlaumu?

"Abee, mwanangu," akaitika, machozi yanamtiririka.

"Mama, vitundu vidogo. Sikuoni."

Mbio hadi Gerezani. "Nitengenezee chenye nafasi pana," alimwambia Ismail.

"Panya watapita, dada."

"Wapite!"

Kikafungwa cha pili, cha mbao nyembamba zilizoachana. Sauti ikasema bado, mkono haupiti. Akaagiza cha tatu, na huku anakingoja akawa anaitwa na anaitika, anaitwa na anaitika, na kila akiitika kikohozi kinamzidi, kikohozi kilekile cha Nice, mwili unamwishia hadi magauni yanamning'inia, Jovin akiuliza anaambiwa ni vumbi, ilhali kule juu kwenye mbao zilianza kuonekana alama za vidole, na vidole vile vilikuwa virefu, virefu mno kwa mtoto wa darasa la pili.

Ismail alipokuja kufunga cha tatu akaziona. Hakugusa hata bisibisi. Alishuka ngazi, akarudi na Bi Sitara, mganga wa Buguruni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umemwitikia?"

"Ni Nice wangu."

"Nice amelala kwao, mwanangu," Bi Sitara alinong'ona. "Huyu ni jini, kaiba sauti. Kila anayemwitikia anampa kiti, mahali pa kukaa, humu ndani. Leo ataita, nawe usiitikie mpaka aondoke. Akiitikiwa tena, na yeyote wa nyumba hii, atashuka amchukue aliyeitika."

Ubani ukawashwa. Sauti ikaanza kwa kudeka. Kisha ikalia.

"Mama, nasikia baridi. Mama, nimekosa nini? Mbona huniitikii?"

Severa aliuma upindo wa kanga. Hospitali alikuwa ameitika kila alipoitwa, hata mtoto alipokuwa hajui tena anaita nani, na sasa anaitwa kwa sauti ileile na meno ameyakaza kwenye kanga, moyoni anasema abee, abee, abee, na mdomo haufunguki. Ilimuuma kuliko siku ya mazishi.

Sauti ikafifia. Harufu ya dawa ikapungua, hewa ikakatika.

"Anatoka," Bi Sitara alisema polepole. "Vumilia, mama."

Mlango ukafunguliwa. Jovin alikuwa amepanda kula chakula cha mchana. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Akasimama kizingitini, anashangaa moshi.

Darini, kwa mbali sana: "Baba?"

Severa akamrukia amzibe mdomo. Alichelewa. Uso wa Jovin ulikuwa umeshavunjika, machozi aliyoyazuia tangu Rombo yanamwagika yote.

"Naam, Nice," akaitika. "Naam, mwanangu. Baba nipo hapa."