Pakiti Thelathini

Ijumaa ilikuwa zamu yangu ya kufagia baraza ya chumba cha kompyuta. Shule yetu iko Mishamo, na chumba hicho kimepakana na stoo unamowekwa unga wa uji wa wanafunzi. Mimi naitwa Emelyne. Wakati huo nilikuwa darasa la sita, na nakiri mapema kwamba mdomo wangu haukuwa na breki.

Ndani, Mwalimu Nashon alikuwa anahangaika. Kesho yake klabu yetu ilikuwa icheze mpira wa kwenye kompyuta, kwa mtandao, dhidi ya shule moja ya Inyonga. Lakini wiki nzima mchezo ulikuwa unagandaganda. Mchezaji wetu anakimbia, ghafla anasimama kama sanamu, na picha ikirudi, goli limeshaingia kwetu. Mwalimu alizima simu zote zilizokuwa zinatumia mtandao, akazima kompyuta nyingine, akawasha upya. Wapi! Sasa alikuwa anamweleza fundi kwa simu.

“Pakiti zinapotea,” nilimsikia akisema. “Kati ya mia, thelathini hazifiki. Zinapotelea njiani. Nahisi tatizo liko pale stoo.”

Ufagio ulinitoka mkononi. Pakiti thelathini! Mimi pakiti nilizozijua ni zile za unga wa uji. Nikaona nimeelewa kila kitu. Kama ningeingia nikauliza, “Mwalimu, pakiti zipi?” nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Sikuuliza.

Bombani nilikuta foleni ya ndoo. “Nyie, mmesikia?” nikasema. “Pakiti thelathini za unga wetu zimepotea. Mwalimu Nashon mwenyewe kasema. Zinapotelea njiani!”

“Njiani?” Mama Capitoline, muuza maandazi, akashika kiuno. “Anayezileta kwa baiskeli si Sixte?”

Mimi sikumtaja Sixte, Mungu shahidi. Lakini sikumtetea pia. Alikuwa baba yake Joséline, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja. Watu walinizunguka, wakaniuliza tena na tena, na kwa kweli nilisikia raha. Nikarudia. Mara ya tatu nikaongeza “kila wiki”.

Nilikuwa nyumbani nachambua maharage filimbi ilipolia upande wa kanisani. Kwetu filimbi hailii bure. Mwaka jana ililia kwa kijana aliyekamatwa akiwa na kuku wa wizi, na kijana yule sasa anaona kwa jicho moja. Wanaume wakapita barabarani na fimbo, hawamsalimii mtu.

Mama akatoka jikoni. “Jamani, kuna nini?”

“Tunaenda kwa Sixte,” mmoja akajibu bila kusimama. “Kaiba uji wa watoto.”

Mama akajishika kichwa. “Yesu wangu! Watamuua.”

Ningeweza kuendelea na maharage yangu. Nani angemkumbuka mtoto wa bombani? Kisha nikamwona Joséline anakatiza shambani kuelekea kwao, analia, viatu mkononi. Nikakimbia shuleni.

Mwalimu alikuwa chini ya meza, anakagua waya. “Mwalimu, zile pakiti... ni za unga?”

“Unga gani? Ni za mtandao, Emelyne. Mchezo hukata habari vipande vidogo vidogo na kuvituma. Kila kipande tunakiita pakiti. Visipofika, mchezo unaganda. Mbona unalia?”

Nikamweleza. Hakunikaripia, na hilo lilinitisha zaidi. Alichukua ufunguo wa pikipiki akaniambia nipande.

Tulikuta umati umejaa uani. Baiskeli ya Baba Joséline ilikuwa imekunjwakunjwa. Yeye alikaa chini, damu zinamtoka puani, na Joséline amemkumbatia shingoni ili fimbo zisimfikie. Jean-Marie, mwenyekiti wa kamati ya shule, alipaza sauti: “Huyo mwalimu kaja! Muulizeni, si alisema mwenyewe?”

Mwalimu akanisukuma mbele. “Sema.”

Nikapiga kelele, “Ni mimi! Nilisikia vibaya! Baba Joséline hajaiba kitu!”

Hawakuniamini. Ikabidi kamati iende stoo. Pakiti zote za unga zilikuwepo. Ila mlangoni waliona kitu kingine: mlango wa stoo ulikuwa unaubana waya wa mtandao unaotoka kwenye antena, kila ukifungwa, hadi waya ukachubuka na nyuzi za ndani zikaonekana.

“Mwizi wenu huyo hapo,” Mwalimu akasema.

Watu wakatazama chini, wakatawanyika. Hakuna aliyerudi kwa Sixte kumwomba radhi.

Jumamosi waya mpya ukafungwa na mchezo ukaenda vizuri bila kuganda. Klabu yetu ikashinda. Mimi sikutazama. Nilikuwa nimepiga magoti uani kwa kina Joséline.

“Shikamoo, baba. Nisamehe.”

“Marahaba. Nimekusamehe, mwanangu. Lakini zunguka kwa wote uliowaambia, ukawaambie ukweli.”

Nilizunguka mpaka miguu ikaniuma. Mama Capitoline alinisikiliza, akageuza maandazi yake, akasema, “Haya. Lakini panapofuka moshi, pana moto.”

Nikarudi nalia. Baba Joséline alikuwa ananyoosha rimu ya baiskeli kwa nyundo, uso umemvimba.

“Umeona?” akasema. “Mwalimu ananiambia pakiti ya mtandao ikipotea, mashine inaweza kutuma nyingine. Jina langu mimi, atanitumia nani jingine? Neno usilolielewa, liulize kwanza. Kuuliza si ujinga. Likishatoka mdomoni, hata ulifukuze kwa pikipiki hulikamati.”

Joséline alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwita. Akaingia ndani bila kuitika.

Jumatatu nilikaa dawatini peke yangu.