Pakiti Iliyopashwa Moto

Kwi, kwi, kwi! Gurudumu bovu la toroli lililia kwenye korido ya hospitali kabla Adero hajamwona anayeisukuma. Kama jana kabla ya shule, alikuwa amemletea mama uji na chupa ya maji moto kutoka nyumbani, Bondeni. Mama yake, Akoth, alijifungua juzi, akavuja damu nyingi. Midomo yake ilikuwa myeupe kama chaki.

Nesi Jepkorir aliingia, akafungua kisanduku cha baridi. "Damu ya mama hii hapa," alisema. Mara yowe likasikika wadi ya pili. Nesi akatoka mbio.

Adero akaigusa pakiti ya damu kisandukuni. Baridi kama asubuhi ya Molo! Hasira zikampanda. Nyumbani hata maji ya kunywa mzazi hupashwa, eti baridi huleta nimonia. Hawa wanataka kummiminia mama barafu? Alimwaga maji moto kwenye karai, akaitumbukiza pakiti mpaka ikapata joto, akaipangusa kwa sweta na kuirudisha.

Nesi aliporudi, mjomba Oduor alikuwa amefika, macho mekundu.

"Tangu jana tunangoja! Hiyo damu mnaifuga ama mnaiuza?"

"Heshima, mzee!" Jepkorir alifoka huku akivaa glavu. "Imepimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Leo maabara wameijaribu na damu ya Akoth, waone kama zinapatana. Muda wote imekaa kwenye friji. Ikipashwa moto, chembe zake hupasuka na vijidudu huzaana. Damu kama hiyo huua."

Akainyanyua pakiti aitundike.

Huua? Angenyamaza, nani angejua?

"Usiiweke!" alipiga kelele. "Nimeipasha moto. Kwa maji ya chupa."

"Umefanya nini?" Nesi aliishika pakiti kwa mikono miwili, akahisi ule uvuguvugu. Uso ukamwiva. "Mtoto wewe! Unajua watu wangapi wamehangaikia hii?"

"Si bado ni nyekundu?" mjomba alinguruma. "Mwekee dada yangu!"

"Hii ni ya kutupwa."

"Basi nitoe yangu! Mimi ni ndugu yake, tumbo moja!"

"Undugu si kipimo, mzee. Hata yako ingepimwa kwanza. Na jana tulipoomba watu wa kutoa, ulikuwa wapi?"

Oduor akasogea kando kumpisha.

Jepkorir alipiga simu maabara kwa sauti kali. Pakiti moja ya kundi lile la damu ilikuwa imebaki. Nayo waliijaribu na damu ya mama, na Adero akangoja akiuma kola ya sare yake. Hatimaye damu ikaanza kudondoka, tone baada ya tone, huku nesi akiwa amesimama pale pale akimwangalia mgonjwa. Adhuhuri mama alifumbua macho, akauliza kama mtoto mchanga amenyonya.

"Bado nina hasira nawe," Jepkorir alimwambia Adero. "Usiguse dawa wala damu ya mgonjwa bila kuuliza, hata kama unampenda. Lakini ungeficha, sasa hivi tungekuwa tunalia. Kosa likisemwa mapema, hutibika."

"Nani alitoa hii ya pili?"

"Mtu tu. Hatumjui."

Adero alishika mkono wa mama. Ulikuwa na joto.

"Mama, nikifika umri wa kutoa damu, nitatoa. Na nikikosea tena, nitasema kabla sijaulizwa. Nakuahidi."