Chupa Isiyotikiswa

Risasi ya kwanza ilivunja kioo. Ya pili ilipita karibu na sikio la Msumari, jasusi aliyetumwa kurudisha dawa ya saratani iliyoibwa.

Aliviringika hadi nyuma ya meza. Bastola yake ya Glock ikabweka mara mbili.

Mlinzi wa ghala la magendo akaanguka.

Redio ilikoroma. "Msumari, uko hai?" Alikuwa daktari bingwa, yule mama aliyeigundua dawa.

"Nipo. Boksi la dawa ni tupu."

"Basi haijatoka hospitali; wameibadilisha kwa maji hukuhuku. Na dada yako anatundikiwa dripu ya dawa hiyo saa nne."

Saa yake ya Casio ilisema saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Msumari aliogopa hasa. Mama yao alipokufa, dada ndiye aliyemlea.

Land Cruiser iliondoka ikilia matairi.

"Dripu ya maji ikimfikia, itakuwaje?" aliuliza redioni.

"Uvimbe una hila, mwanangu. Unapiga mbiu ya kemikali ili mishipa ya damu iote, iulishe. Mbiu hiyohiyo inawalegeza askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, na mishipa yenyewe inawafungia mlango. Dawa yangu inaiziba mbiu, askari waingie wapigane. Bila dawa, wanakufa nje. Na ukiipata, usiitikise! Inaharibika."

Chumba cha dawa cha hospitali. Mfamasia mwenye barakoa alikuwa peke yake, chupa mkononi.

"Karibu, kaka."

Akaitikisa chupa kwa nguvu, kama dawa ya kikohozi ya mtoto.

Mfamasia gani huyo?

Msumari alimrukia. Kisu cha upasuaji kilimchana bega. Alikamata mkono ule, akauvunja, akakibamiza kichwa cha jamaa kwenye sinki mpaka vigae vikawa vyekundu.

"Ya kweli iko wapi?"

"Begi... la baridi... chini ya meza..."

Cha mvunguni sharti uiname. Msumari aliinama, damu ikimdondoka, akalibeba begi taratibu kama kichanga.

Saa nne kasoro dakika moja.

Daktari alikagua chupa, akaandaa dripu, akatundika. Dada alifumbua macho, akaliona shati la Msumari lenye damu.

"Umepigana tena?"

"Nimejikwaa, dada."

"Muongo mkubwa wewe. Kafue hilo shati."

"Genge lote la wezi limenaswa," sauti ya mkuu wake ikasema redioni. "Kazi safi."

Msumari akaizima. Akavaa miwani ya jua, akatoka kwa mwendo wa taratibu kwenye korido isiyo na dirisha hata moja, na wauguzi wakadhani anaringa. Alikuwa analia.